Posa Niliyoipeleka Kwenye Meza ya Chai

Mimi chai niliichuma kabla sijazoea kuinywa. Mama yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la chai huko kwetu nyanda za juu kusini, kwenye ukungu na baridi ya kukata vidole, na nilipotolewa shule darasa la nne nikafuata kapu lake. Chai ya nyumbani ilikuwa vumbi lililobaki kiwandani, inachemshwa na maziwa na tangawizi mpaka inakuwa na rangi ya udongo, halafu sukari. Kwa hiyo mtu akianza kunieleza habari za chai huwa namsikiliza kwa adabu tu, huku nasema moyoni, huyu naye ataniambia nini. Nikaja kuambiwa Guangzhou, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilikwenda kununua vitambaa. Hiyo ni miaka ya tisini mwishoni, wakati sisi wafanyabiashara wa bara tunaanza kuijua njia ya kule. Wenzangu wengi walikuwa watu wa Shisanhang, mtaa wa nguo zilizokwisha kushonwa, wanaingia asubuhi na mapema na kutoka na marobota kama watu waliohama nyumba. Mimi sikuwa na kifua cha kusukumana vile. Nilikwenda Zhongda, soko la vitambaa, kwa sababu nyumbani nilikuwa na mafundi cherehani wangu, na kitambaa ukikishika kinakwambia kilivyo. Lakini nisiende mbali na vitambaa. Nataka kusema habari ya mtoto wa kaka yangu.

Kaka alikuwa amekwisha kufariki, na mama wa kijana pia. Kijana alikwenda Uchina kusoma, akamaliza, na badala ya kurudi akabaki huko kuwa wakala wetu. Anakupokea, anakupeleka sokoni, anakusemea kwa kina laoban, ndivyo tulivyowaita wenye maduka, na mwisho anakwenda bandarini Huangpu kuhakikisha mzigo ulioingia kwenye kontena ni wako. Kichina alikiongea hata ukifumba macho hujui kama ni mtoto wa kwetu. Mimi nilikuwa shangazi yake na ndugu pekee aliyefika huko, basi kila safari nilimletea dagaa na unga kidogo, naye ananiita Shangazi mbele za watu kama ananitangaza.

Mzee niliyekuwa nanunua kwake alikuwa mtu wa Chaozhou, upande wa pwani ya mashariki wa jimbo lile. Watu wa huko kwa chai ni kama sisi kwa ugali. Duka lake lilikuwa refu jembamba, majora ya vitambaa mpaka darini, na mbele kabisa, pale ambapo sisi tungeweka bidhaa, kuna meza ya chai. Juu yake sinia la mbao lenye mianya ya kupitisha maji, birika la udongo linaloenea kwenye kiganja, na vikombe vitatu visivyo na mkono, vidogo kama vya watoto kuchezea. Vitatu tu. Hata mkiwa watu watano, vikombe ni vitatu, vinaoshwa kwa maji ya moto na kupokezanwa.

Siku ya kwanza niliona ajabu. Akajaza majani ndani ya birika mpaka kifuniko kikakataa, akamwaga maji yanayotokota, halafu ile chai yote akaimwaga juu ya vikombe na kuitupa. Nikashtuka. Sisi tulipigwa kwa kumwaga chai! Kumbe ya kwanza ni ya kuoshea. Ya pili ndiyo akamimina, anazungusha birika juu ya vikombe vyote vitatu, kidogo huku kidogo kule, ili pasiwe na mwenye chai kali na mwenye chai nyepesi. Nikaonja. Uchungu, halafu baada ya muda kitu kama utamu kinarudi kutoka kooni. Nikaomba sukari. Kijana akanikanyaga mguu chini ya meza.

Aliyenifundisha adabu za meza ile alikuwa mzee mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara wa redio na pasi, tuliyepanga naye hoteli moja. Mtu wa maneno mengi yule.

"Bibi wee, mwanywa chai au mwapigana nayo?" akanicheka. "Kunywa kama ndege. Ukimaliza, atia tena. Ukimaliza, atia tena. Utatoka pale watembea maji yacheza tumboni kama mtungi."

"Sasa nikitosheka nifanyeje?"

"Acha kikombe na chai yake. Na akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili. Usiseme asante, hajui asante yako."

Habari ya vidole baadaye niliisikia kwa binti wa yule mzee wa vitambaa. Kwamba zamani mfalme wao mmoja alikuwa akitembea kwa kujificha, amevaa kama mtu wa kawaida, na kwenye mkahawa akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi angepiga magoti, siri ingetoka. Asipopiga, amemdharau mfalme. Akakunja vidole viwili akavipigisha magoti mezani badala yake. Mimi hadithi hiyo niliipenda. Nikaigonga ile meza mpaka vidole vikafanya sugu.

Sasa huyo binti. Alikuwa mtoto pekee wa yule mzee, mama yake alishakufa, na umri wake miaka ishirini na kitu. Kiswahili alikuwa anakijua. Nilidhani amejifunza kwa wateja. Safari yangu ya tatu kijana akanipeleka kula tambi mahali karibu na mto, akala kidogo akaweka vijiti.

"Shangazi, nina neno."

"Nimeliona tangu uwanja wa ndege. Sema."

"Nataka uniposee."

Nikamuuliza wa wapi, nikitegemea ataniambia binti wa mchungaji fulani huko nyumbani. Akaniambia ni yule yule anayenipimia vitambaa. Nami nikaweka vijiti. Kisha nikauliza maswali ya kishangazi, anasali wapi, anapika nini, atakaa wapi. Akajibu yote. Wangeoana, wakae Guangzhou mwaka mmoja, halafu wahamie nyumbani wafungue duka.

"Na baba yake?"

"Hapo ndipo penyewe. Ameniambia hataondoka kwa ugomvi. Baba yake akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, Shangazi, imekwisha. Hatamruka. Na mimi siwezi kumlaumu, maana ndiye aliyemlea peke yake."

"Kwa nini usiende wewe unayejua kuongea?"

"Nani anajiposea? Hata kwao hakuna hicho kitu. Anatakiwa mtu mzima wa nyumba yangu. Nyumba yangu ni wewe."

"Na nani atatafsiri?"

Akaangalia bakuli. "Yeye mwenyewe."

"Mchumba atafsiri posa yake mwenyewe?" Nikacheka mpaka watu wakageuka. Lakini hakukuwa na mwingine. Mzee wa Mombasa Kichina chake kilikuwa cha bei tu, hiki kiasi gani na punguza.

Kijana akanunua kopo la chai nzuri, la bati jekundu lililofungwa na karatasi ya muhuri, akasema ndivyo walivyofanya watu wa zamani wa kule, posa inatangulizwa na chai. Hilo lilinipa moyo. Nikasema kama posa yao ni chai basi nimefika kwetu. Jumapili nikavaa kitenge kipya na kilemba, nikasali pale kitandani, nikaenda. Kijana akabaki nje kwenye kichochoro, katikati ya wasukuma mikokoteni.

Binti alinipokea kwa mikono miwili. "Shangazi, karibu kiti."

Baba yake akamuuliza kitu. Akajibu huku masikio yamekuwa mekundu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Ameuliza shangazi ni nini. Nimesema ni cheo cha mteja mkubwa."

Tukakaa watatu, vikombe vitatu. Mzee akawasha jiko la maji. Nikaweka kopo langu mezani, akalipokea, akaligeuza, akasoma maandishi, akaliweka pembeni bila kulifungua, akaendelea na majani yake. Nikanywa viwili vitatu, nikagonga meza, nikaona sasa ni wakati. Kwetu posa haisemwi wazi. Unazunguka. Unasema tumepotelewa na kitu, tumeona kitu, na wenyeji wanajifanya hawaelewi mpaka waridhike. Basi nikazunguka.

"Mwambie baba, nimesafiri njia ndefu, nikaona ua zuri katika nyumba hii, na nimetumwa kuliomba."

Akatafsiri. Mzee akageuka akatazama juu ya kabati la hela, ambako kulikuwa na ua la plastiki lenye vumbi, akasema maneno mafupi. Binti akaziba mdomo.

"Anasema hilo ni plastiki. Uchukue tu, yeye hata halipendi."

"We mtoto, umemwambiaje?"

"Kama ulivyosema wewe!"

"Basi mwambie ua ni wewe."

"Siwezi kusema hivyo mimi, Shangazi."

"Sasa nitasema mimi kwa lugha gani?"

Akaangalia kikombe chake kitambo. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, macho chini, na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba limesemwa, kwa sababu mkono wa mzee wenye birika ulisimama hewani. Maji yakawa yanatokota peke yake. Nilimtazama yule mtu na nikaona hakuwa amelijua jambo hilo hata kidogo. Alimtazama mtoto wake, akanitazama mimi, akatazama mlangoni, kama mtu anayetafuta nani ameacha wazi.

Alipoanza kuongea aliongea taratibu, na binti akawa anafuata nyuma yake.

"Baba anasema, watu wa zamani sana, nyumba ya mwanamume ilipeleka chai nyumba ya msichana. Wakiipokea, msichana ameahidiwa. Hanywi tena chai ya nyumba nyingine."

"Ndiyo maana nimeleta."

"Anasema, unajua kwa nini chai? Kwa sababu mti wa chai ukishaota mahali hauhamishwi. Ukiung'oa unakufa. Wazee waliupenda kwa hilo."

Hapo nikaona mlango umefunguliwa. Mtu ananiambia mimi habari za mti wa chai! Nikasema, "Mwambie kwetu umehamishwa. Bibi yangu alipokuwa msichana milima yetu haikuwa na chai hata jani. Wazungu waliuleta kutoka huku huku kwenu, nasikia. Leo ni kijani mpaka macho yanachoka. Mimi mwenyewe nimeuchuma. Umekubali, na mvua imeupenda."

Binti alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni shukrani. Akatafsiri yote. Mzee akasikiliza vizuri sana, kichwa amekiinamisha, kisha akauliza swali.

"Anauliza, ulipelekwa mti au mbegu?"

"Mbegu, nadhani. Baadaye ndiyo vipandikizi."

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Akasema maneno machache. Binti akachelewa kutafsiri.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema mimi si mbegu."

Nje wasukuma mikokoteni walikuwa wanapiga kelele za kupishwa. Mzee akauliza kwetu ni mbali kiasi gani, nikamweleza ndege na basi. Akauliza kama mtoto akiugua ghafla, yeye atapita wapi kumfikia. Sikuwa na njia ya kumwonyesha. Nikasema tutamtunza. Neno lenyewe nililisikia jepesi mdomoni, na likitafsiriwa sijui lilibaki uzito gani. Halafu akaongeza majani, akamwaga maji, akashika birika, na safari hii hakuzungusha. Akamimina kwenye kikombe changu peke yake, polepole, mpaka chai ikafika ukingoni, mpaka ikainuka ikasimama juu ya mdomo wa kikombe, na tone likashuka kwenye sinia.

Jamani, nilifurahi. Maana siku zote alikuwa ananipimia kikombe kisichojaa, nami nilikuwa nasema moyoni kwamba huyu mzee ni mwema lakini mkono wake mzito. Kwetu ukimpa mgeni kikombe nusu, habari zako zinafika kisimani kabla yake. Kikombe kinajazwa mpaka kinamwagikia kisosi, na mgeni anajua ameingia nyumba ya watu. Nikasema, kumbe moyo umelegea. Nikakishika. Kilikuwa cha moto wa kuunguza, lakini vidole hivi vimesonga ugali wa misiba na harusi, vimegeuza masufuria bila kitambaa. Nikakiinua bila kutetemeka, nikanywa chote, nikagonga meza kwa vidole viwili, mara mbili, nikatabasamu.

Mzee alinitazama kinywa wazi kidogo. Kisha akashusha pumzi, akasimama. Nami nikasimama.

"Amesema nini?" nikamuuliza binti.

"Hajasema kitu, Shangazi." Alikuwa anafuta lile tone kwenye sinia, analifuta tena na tena.

Nikatoka kichochoroni nimenyoosha shingo. Kijana akanikimbilia.

"Vipi?"

"Mwanangu, pata amani. Amenijazia!"

"Amejaza nini?"

"Chai! Mpaka juu! Mpaka imemwagika! Siku zote ananibania, leo nimemiminiwa kama mkwe."

Akakaa juu ya jora la kitambaa cha watu. Mwenye jora akamfokea, hakusikia. Akaniuliza kama nilikunywa, nikasema nimekunywa chote. Akaniuliza kama niligonga meza. Nikasema nimegonga. Akacheka kicheko ambacho sikutaka kukisikia kwa mtoto wa kaka yangu, kisha akanieleza. Kwamba kule pombe ndiyo inayojazwa kwa heshima. Chai haijazwi, inaachwa nafasi, kwa sababu kikombe hakina mkono na kikijaa kinamuunguza mgeni. Ukimjazia mtu chai mpaka ukingoni unamwambia, bila kumvunjia heshima kwa maneno, kwamba maongezi yamekwisha, kunywa uende.

"Tangu lini mtu anafukuzwa kwa kujaziwa?"

"Tangu zamani, Shangazi. Tangu zamani sana."

"Na yule mtoto alijua?"

"Alijua kabla tone halijadondoka."

Asubuhi yake kwenye staftahi nikamsimulia mzee wa Mombasa. Kwanza alicheka mpaka akafuta macho. "Na wewe ukagonga! Umefukuzwa, ukashukuru! Wallahi watakukumbuka mtaa mzima." Kisha akaona sicheki, akasogeza sahani yake. "Haya, hata ungalijua, ungalifanya nini? Uache kunywa? Wakataa chai ya mtu nyumbani kwake. Unywe? Umeagwa. Kikishajaa, bibi, hamna la kufanya nacho."

Nikamwambia kijana nitarudi. Mzigo wangu ulikuwa umekwisha kwenda Huangpu, tiketi yangu ilikuwa ya kesho yake, ilikuwa imebaki siku hiyo moja. Akasema haitasaidia. Nikasema shangazi haposi mara moja. Kwetu unakwenda, unafukuzwa, unarudi, ndiyo heshima ya binti, asionekane aliokotwa. Akasema, "Hapa si kwetu." Nikamwambia najua, nimeona.

Kijana alibaki tena kichochoroni, maana mwenye kuposewa haingii, na nilipoingia dukani binti hakuwepo. Mwanamke wa duka la jirani akanionyesha kwa mikono, mkoba, basi, mbali kule. Baadaye tulijua alipelekwa Chaozhou kwa bibi yake mzaa baba, na kwamba alikwenda kwa miguu yake, hakuburutwa. Basi tukabaki mimi na yule mzee, na katikati yetu hakuna mdomo hata mmoja wa kutusaidia. Aliinuka aliponiona. Akanikaribisha kiti kwa mkono. Juu ya kiti kile, mahali ninapokaa siku zote, lilikuwa limewekwa kopo langu jekundu, muhuri wake mzima.

Nikalichukua, nikakaa, nikalipakata. Mzee akapika chai. Akamimina vikombe vitatu, kwa mazoea, tukiwa wawili. Akazungusha birika kwa haki kama kawaida yake, mpaka kile cha tatu kikapata sawa na vyetu, ndipo akakiona. Akakiacha. Chai ilikuwa nzuri, haikujaa, kila kitu kwa adabu. Nilijaribu kuongea. Nilisema jina la mahali kwetu, nikaonyesha ndege kwa mkono, nikaweka mkono kifuani. Kila nilipofungua mdomo aliinua kikombe, nami kwa heshima ninanyamaza na kuinua changu. Nikaona hivi tutakunywa mpaka soko lifungwe.

Ndipo nikavunja ule muhuri. Sikuwa nimepanga. Kucha zilikwenda zenyewe. Nikafungua kopo, nikavuta birika lake upande wangu, nikatoa majani yake, nikatia yangu. Nadhani hakuna mgeni aliyewahi kumshikia birika lile, lilikuwa la miaka mingi, limeng'aa kwa kushikwa. Alisogea mbele kidogo kama mtu anayeona mtoto wa mwenzake amebeba mtungi. Lakini hakunizuia. Nikamwaga maji, yakafurika. Ya kwanza nikaitupa, nilikuwa nimejifunza. Ya pili nikamimina kikombe kimoja tu, nikakiacha pungufu, pungufu kabisa, nikakishika kwa mikono miwili na kumpelekea.

Kwetu mwanamke akimpa kitu mtu wa heshima, mkwe hasa, anapiga goti. Sikufikiria. Nilishuka tu kama ninavyoshuka siku zote, goti la kulia chini kwenye sakafu ya duka, katikati ya vipande vya vitambaa. Sikujua kwamba kwao, siku ya ndoa, maharusi ndio wanaopiga magoti na kuwapa wazee chai, na mzee akiinywa amempokea mtoto nyumbani. Alishtuka akaruka kwenye kiti. Akaja kuniinua, anashika kiwiko, anaongea haraka, na mimi siinuki kwa sababu kikombe bado kiko mikononi mwangu na mtu hainuki kabla hakijapokewa. Tukawa hivyo, wazee wawili, mmoja anavuta juu, mmoja amekaza chini. Mwisho akakipokea. Kwa mikono miwili. Nikainuka.

Akasimama nacho. Hakukiweka, hakukiinua. Akaanza kuongea. Na aliongea, wenzangu. Siku zote nilimjua kama mtu wa maneno mafupi, bei na urefu wa jora. Siku ile aliongea muda mrefu, ananitazama usoni, mara anasimama, anameza mate, anaendelea. Mahali pengine aliinua kidole kuelekea kwenye kile kikombe cha tatu. Mahali pengine sauti yake ilishuka ikawa kama ya mtu anayeomba. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilitikisa kichwa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, kisha nikaacha kutikisa, nikaogopa nisije nikawa nakubali nisichokijua. Labda alikuwa anakubali kwa masharti. Labda alikuwa ananieleza namna mke wake alivyokufa. Labda alikuwa ananitukana kwa upole. Nikatoka mbio mpaka mlangoni kumwita kijana, yuko kwenye kichochoro kile kile, lakini nilipomshika mkono na kumgeuza, mzee alikuwa amekwisha kunyamaza. Kikombe kilikuwa mezani, upande anaokaa binti, chai ndani yake kama nilivyoimimina. Akamwambia kijana kwa adabu kabisa kwamba duka linafungwa mapema leo.

Safari iliyofuata nilinunua kwa mtu mwingine. Nilipita mbele ya duka lile, mzee alinisalimia kwa kichwa, binti hakuwepo, na kijana alikuwa amekwisha kuhamia mji wa juu huko, kwenye soko la vitu vidogo vidogo, anasema Guangzhou imemchosha. Sijui binti aliishia wapi. Nimeshaulizwa na watu wengi nikisimulia, na jibu langu ni hilo.

Lakini siku ile ya kuondoka kijana alinisindikiza uwanja wa ndege. Alinibebea begi, akanitafutia foleni, akanikumbusha pasipoti, mambo yote ya uwakala. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza bila kunitazama.

"Alikunywa?"

"Hakunywa, mwanangu."

"Hata kuonja?"

"Alikipokea. Hakuonja."

Foleni ikasogea, tukasogea.

"Alisema nini, Shangazi?"

"Alisema mengi."

"Yapi? Nipe hata moja."

Nikafumba macho nikajaribu. Nilikuwa nimejaribu njia nzima. Nikatoa sauti niliyoikumbuka, ile iliyorudi mara nyingi, aliyoisema huku anaonyesha kikombe. Kijana akainamisha sikio. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikaona inanibadilikia mdomoni. Akajaribu kuigeuza huku na huku, akanitolea maneno ya Kichina moja moja, hili? au hili? Kila moja nilisema labda.

"Pengine alikuwa anaongea cha kwao, cha Chaozhou," akasema. "Hicho hata mimi sikijui."

"Sasa nani anakijua?"

Dada wa kwenye kaunta akanyoosha mkono kuomba tiketi yangu.